Chai ni dawa? Tutenganishe jani, maji, sukari na viungo

Machi 2020, siku chache baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, jamaa katika sehemu mbalimbali za nchi waliamshana usiku wa manane kwa simu: inuka uteleke chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, usitie sukari, unywe kabla ya alfajiri na maradhi hayatakugusa. Wakati huohuo ulisambaa kwenye WhatsApp ujumbe uliodai kwamba daktari mmoja wa China amegundua ndani ya chai vitu vinavyoua virusi hivyo. Ulikuwa na majina mazito kama theofilini na theobromini. Majina hayo si ya kubuni, kwa kuwa vitu hivyo vimo kweli katika jani la chai. Uzushi ulikuwa katika kusema vinatibu korona, na ulienea upesi kwa sababu ulibebwa na nusu ya ukweli.

Korona imepoa, mkanganyiko umebaki. Leo utauziwa chai ya kijani ya kukata kitambi, chai ya zambarau ya kushusha sukari, chai ya kusafisha damu, chai ya ini. Upande wa pili wapo wanaosema chai ni maji ya rangi tu na haina lolote. Mimi naona pande zote mbili zimepotoka. Jani la chai lina nguvu ya kweli ya dawa, ila tunalisifu kwa kazi ambazo halikuzifanya, tunalisahau pale linapofanya kazi kweli, na hatuambiani pale linapodhuru.

Tuanze na kikombe chenyewe. Mtu akishikwa na homa au kifua hapa Mombasa, huletewa chai yenye tangawizi, pengine iliki, mdalasini na karafuu mbili tatu. Akipata nafuu, husema chai imemponya. Lakini alikunywa vitu vinne kwa pamoja. Kwanza maji yaliyochemka sawasawa, na kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara, jambo lisilo dogo katika mji ambao nyumba nyingi hununua maji ya mkokoteni. Mvuke wake nao hulegeza mafua yaliyoziba pua. Pili sukari, ambayo humpa nguvu ya haraka mgonjwa aliyeshinda hajala. Tatu viungo: tangawizi, kwa mfano, imefanyiwa utafiti wa kutosha na inasaidia kupunguza kichefuchefu, hata kile cha ujauzito. Nne ndiyo majani ya chai. Makala haya yanahusu hicho cha nne.

Chai ni mmea mmoja, ambao wataalamu wa mimea wanauita Camellia sinensis. Ukiachwa ukue upendavyo huwa mti wa mita kadhaa. Mashambani hukatwa ili ubaki kimo cha kiuno na wachumaji waufikie. Kinachochumwa ni majani mawili machanga na chipukizi lake. Kuna jamii mbili kubwa, ya China yenye majani madogo na ya Assam, India, yenye majani mapana.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kudhani chai ya kijani inatoka kwenye mti mwingine. Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe zote zaweza kutoka kwenye kichaka kimoja. Tofauti ni kiwandani. Kata biringani uliache mezani, litageuka hudhurungi, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo ndani yake vimekutana na hewa. Jani la chai hufanya hivyo hivyo. Likisagwa na kuachwa lipigwe na hewa, huwa chai nyeusi. Likipashwa moto mapema, vimeng'enya hufa na rangi ya kijani hubaki. Chipukizi zikikaushwa tu bila kusagwa, ndiyo chai nyeupe. Chai nyingi ya Kenya hukatwakatwa na mashine hadi ikawa punje ndogo, ndiyo maana hutoa rangi nzito mara tu inapogusa maji.

Chai ya zambarau ni habari tofauti kidogo. Ni mmea uleule, lakini ni aina iliyozalishwa na watafiti wa chai wa Kericho na kutolewa kwa wakulima mwaka 2011, yenye majani ya rangi hiyo kiasili. Rangi hiyo hutokana na viini vilevile vinavyopatikana katika matunda ya zambarau. Inatia moyo kuona kitu kipya kimetoka kwetu. Lakini utafiti juu ya binadamu walioinywa bado ni mchache mno kwa mtu kuuziwa kama dawa ya kisukari.

Kisha kuna vinavyoitwa chai na si chai: mchaichai, mrehani, majani ya mpera, mlonge, maua ya rozela. Vina sifa zake, lakini havina kafeini, na yote nitakayoyasema hapa kuhusu jani la chai hayavihusu. Ile chupa ndogo ya mafuta ya "tea tree" inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi pia haina uhusiano wowote na chai. Mafuta hayo hutoka kwenye mti wa Australia unaoitwa Melaleuca, ni ya kupaka, na yakinywewa ni sumu. Nalisema kwa mkazo kwa sababu jina hilo limewapotosha wengi.

Mombasa haioti chai. Mmea huu unataka baridi ya nyanda za juu, nchini Kenya kati ya mita 1,500 na 2,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na udongo wenye asidi. Sisi tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, udongo wa chokaa. Ulipandwa Kenya mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Lakini tangu 1969, mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi, mji huu umekuwa lango lake: chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na nchi nyingine huuzwa hapa na kulala kwenye magodauni ya Shimanzi kabla ya kupanda meli.

Kabla ya kuwa kinywaji, chai ilikuwa dawa. Hekaya za China zinamtaja mfalme Shennong, aliyesemekana kuonja mimea ya kila namna ili kujua ipi dawa na ipi sumu, na kuitumia chai kuondoa sumu. Hiyo ni hekaya, lakini inaonyesha Wachina wenyewe waliipa chai nafasi gani. Majani yalitafunwa, yalichemshwa, yalitumiwa kwa uchovu, kichwa, tumbo na macho mazito. Japani, mtawa Eisai aliandika mwaka 1211 kitabu kizima juu ya chai na afya. Wazungu walipoipata, biashara ikaingilia kati. Karibu mwaka 1660, mfanyabiashara wa London aitwaye Thomas Garway alichapisha tangazo kwamba chai hutibu kichwa, mawe ya figo, ndoto mbaya na orodha ndefu ya maradhi mengine. Alikuwa na shehena ya kuuza. Ujumbe wa namna hiyo unaokufikia leo kwenye simu, tazama kwanza kama chini yake kuna namba ya kuagizia.

Ndani ya jani kuna makundi mawili ya vitu yanayofanya karibu kazi yote ya dawa. La kwanza ni kafeini na ndugu zake, zinazochangamsha ubongo na moyo. Kikombe cha kawaida kina kafeini ya miligramu 30 hadi 50, na chai iliyochemshwa sana kwenye sufuria huweza kuzidi hapo. Inafuatana na theanini, ambayo hutuliza. La pili ni polifenoli, ndizo zinazoleta ule ukakasi unaokausha ulimi ukinywa chai nzito. Polifenoli hushikamana na protini na madini. Lishike hilo, kwa maana faida nyingi za chai na dhara lake kubwa zaidi vyote vinatoka hapo.

Chukua pumu. Wazee wengi wa Pwani humpa mtu anayebanwa na kifua kikombe kizito cha kahawa au chai ya mkandaa, na hawakuwa wakibahatisha. Mwaka 1888 mwanakemia Mjerumani Albrecht Kossel alitenga theofilini kutoka kwenye majani ya chai, na baadaye ikawa dawa ya pumu iliyotumika duniani kote kwa miaka mingi. Kafeini nayo hufungua njia za hewa kidogo kwa saa chache, ndiyo maana mtu anayekwenda kupimwa nguvu ya mapafu huambiwa asinywe chai wala kahawa kabla. Shida ni kipimo. Kidonge cha theofilini huwa na miligramu 100 na zaidi, ilhali kikombe cha chai kina kiasi kidogo sana, kisichofika hata miligramu chache. Kwa hiyo anayepumua kwa shida anahitaji pampu na kituo cha afya, na kila dakika inayotumika kuteleka chai ni dakika aliyoibiwa.

Kichwa ni kisa kingine. Kafeini hutiwa katika vidonge vingi vya kutuliza maumivu kwa sababu huvipa nguvu, kwa hiyo anayesema chai imemtoa kichwa huenda anasema kweli. Lakini mara nyingi kichwa chenyewe kililetwa na kukosa chai. Aliyezoea vikombe vinne kwa siku akivikosa ghafla, kichwa humuanza kati ya saa 12 na 24 baadaye. Ndicho kichwa cha siku za mwanzo za Ramadhani ambacho watu hukisingizia njaa au jua. Anayekijua ataanza kupunguza vikombe polepole tangu Shaaban.

Kwa tumbo la kuhara, chai ya mkandaa imetumika vizazi na vizazi. Ni maji yaliyochemka, na ukakasi wake huonekana kutuliza tumbo kwa kiasi. Kinachokosekana ni chumvi. Anayehara hupoteza maji na chumvi pamoja, na mtoto mdogo anaweza kufa kwa kupungukiwa navyo huku anapewa chai. Kama pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, ukoroge na umpe kidogo kidogo njiani mkienda kliniki.

Mahali ambapo jani lenyewe linaonekana kusaidia ni juu ya jeraha dogo la kinywani. Madaktari wa meno huwashauri watu ambao damu inaendelea kutoka kidogo baada ya kung'olewa jino waume kifuko cha chai nyeusi kilicholoweshwa kwa nusu saa hivi. Polifenoli hukaza nyama na kusaidia damu kuganda. Kwa ngozi, Marekani iliidhinisha mwaka 2006 marhamu iliyotengenezwa kwa viini vya chai ya kijani kutibu vinyama vinavyoota sehemu za siri. Ni dawa rasmi ya kuandikiwa na daktari, iliyotoka kwenye jani hilihili. Lakini viini vyake vimekolezwa na kupimwa, na kunywa chai hakuwezi kufanya kazi hiyo.

Mtu aliyeungua, tafadhali usimpake majani ya chai. Njia hiyo ilijaribiwa hata hospitalini: mwaka 1925 daktari Edward Davidson wa Detroit alianzisha kutibu waliounguzwa kwa tanini kali, ambayo ni aina ya polifenoli, na ikaenea ulimwenguni. Miaka ya 1940 ikaachwa, baada ya kuonekana kwamba tanini ile ilipenya kwenye vidonda na kuharibu ini. Aliyeungua amwagiwe maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20. Macho nayo yaachwe. Ugonjwa wa macho mekundu ulipotapakaa Pwani mapema 2024, kila mtu alikuwa na dawa yake ya nyumbani, na kuosha macho kwa chai iliyopoa ni desturi ya zamani. Macho mengi ya aina hiyo hupona yenyewe baada ya siku kadhaa, kwa hiyo chochote utakachotia kitapata sifa. Chai iliyokaa kwenye bakuli haiko safi kiasi cha kuingia jichoni, na inaweza kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo laiti lingebandikwa kwenye kila kliniki ya wajawazito.

Nilisema polifenoli hushikamana na madini. Madini yanayoumia zaidi ni chuma, ambacho mwili hukitumia kutengeneza damu. Chuma cha nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kile cha mimea, kama mbaazi, kunde, maharagwe na mchicha, huingia kwa shida, na chai ikinywewa pamoja nacho huweza kuzuia zaidi ya nusu yake. Mahamri, mbaazi za nazi na chai ni kifungua kinywa chetu, na sidhani kipo kitamu kukishinda. Lakini kwa mama aliyepungukiwa na damu, mbaazi zile zina chuma anachokihitaji na chai iliyo pembeni inakizuia kisifike. Mara ngapi mama huambiwa damu yako ni kidogo, akala mboga za majani kwa bidii, akarudi mwezi uliofuata damu ileile, na hakuna aliyemuuliza anakunywa nini pamoja na chakula?

Vidonge vya chuma vinavyotolewa kliniki vina balaa hilohilo. Wengi huvimeza asubuhi kwa chai kwa sababu maji matupu huwachafua moyo. Ni afadhali kuvimeza kwa maji yaliyokamuliwa ndimu au kwa juisi ya chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Kuongeza maziwa kwenye chai hakuondoi tatizo. Kinachosaidia ni saa: kunywa chai yako angalau saa moja baada ya chakula, au katikati ya milo. Hakuna haja ya kuiacha. Mjamzito hushauriwa pia asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, akihesabu na kahawa na soda nyeusi. Mtoto mdogo anayeanza kula hafai kupewa chai na mkate kama chakula. Damu yake inajengwa sasa, na kikombe kile hujaza tumbo bila kumpa cha kujengea. Na kuna watu wachache ambao mwili wao hurundika chuma kupita kiasi. Kwao hao, chai pamoja na chakula inaweza kuwa msaada, kwa sababu ileile inayomdhuru mama mjamzito.

Kuhusu moyo na umri mrefu, utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2022, uliofuatilia watu karibu 500,000 kwa zaidi ya miaka kumi, ulionyesha kwamba wanywaji wa vikombe viwili au zaidi vya chai nyeusi kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa, tofauti ya kati ya asilimia 9 na 13. Wengi waliitia maziwa. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba ni chai iliyowalinda, kwani huenda wanywaji wana mambo mengine mema, lakini unaondoa hofu kwamba chai kwa kadiri inadhuru.

Nina wasiwasi zaidi na sukari na moto. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa, yaani gramu 36 na zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza tukiweza tusivuke gramu 25 hivi. Mwenye kisukari anayekunywa chai ya zambarau yenye vijiko vitatu anajidanganya kabisa. Kuhusu moto, mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo walisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ugonjwa ulio mwingi katika magharibi ya Kenya. Lawama hapo ni ya moto, hata kama kikombeni ni maji matupu. Acha chai ipoe kwa dakika chache.

Zimebaki zile pakiti za kupunguza mwili. Nyingi, ukisoma maandishi madogo nyuma, zina sanamaki. Bibi zetu waliitumia sanamaki kufungua tumbo lililofunga, kwa siku moja au mbili, na walijua mpaka wake. Kuinywa kila siku kwa miezi ni kujiharisha: uzani unaopungua ni maji, mafuta yamebaki palepale, na madini ya potasiamu yanayotoka nayo ndiyo yanayouendesha moyo. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa vina hatari yake. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake kikuu, zikimezwa kama kidonge, zinaweza kuumiza ini. Dozi kama hiyo haikuwemo kamwe katika desturi ya kunywa chai, ya China wala ya hapa.

Chai ya kijani hupunguza pia nguvu ya baadhi ya dawa, mojawapo ikiwa nadololi, inayotumika kwa presha na moyo. Kwa hiyo anayetumia dawa za kila siku, na anayenyonyesha au mjamzito, asianze pakiti yoyote ya "chai ya dawa" kabla ya kumwonyesha mfamasia pakiti yenyewe, maana kilichochanganywa kimeandikwa nyuma. Na kama nyuma hakuna kilichoandikwa, airudishe dukani.